"Late" si Kuchelewa Tu, na Binti Yule Hakukosea

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alikaa kwenye meza yangu ya kazi, kompyuta ikiwa juu ya rundo la kamusi ili kamera imwone vizuri, akahojiwa na watu wa mbali kwa ajili ya ufadhili wa masomo. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo. Nikasikia wanamuuliza habari za wazazi wake. Akajibu bila kusita: "My father is late." Pakawa na kimya kifupi, kisha sauti ya mwanamume, ya upole kabisa, ikamwambia asijali, kama baba yake angependa kujiunga nao wanaweza kumsubiri dakika chache.

Kumsubiri! Shemeji yangu tumemzika miaka mitatu sasa.

Kupitia uwazi wa mlango niliona mkono wa mpwa wangu ukishuka kutoka mezani na kushika ukingo wa kiti. Akasema, "He died." Maneno mawili tu. Yule mwanamume akaomba radhi, akaomba tena, na mahojiano yakaendelea kwa sauti ya chini kuliko ilivyoanza. Walipomaliza alikuja akakaa karibu nami. Hakulia. Aliniuliza, "Mjomba, nimekosea wapi?"

Ningeyaacha hayo yabaki ya nyumbani. Lakini juzi, kwenye kundi moja la WhatsApp, nikatumiwa orodha ya "makosa ya Kiingereza yanayotutia aibu mbele ya wageni", na sentensi ileile ya mpwa wangu ilikuwamo, imewekewa vikaragosi vitatu vya kucheka. Aliyeitunga ni mwalimu, maana alijitambulisha hivyo. Hapo nikaona siwezi kunyamaza. Mimi kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, neno "late" napambana nalo karibu kila siku, na naliheshimu vya kutosha kutaka lifundishwe ipasavyo.

Tuanze na sentensi yenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "marehemu baba" na tunasema "baba ni marehemu". Neno linakaa kabla ya jina, linakaa baada ya kitenzi, na maana haiyumbi. Mpwa wangu alifanya anachofanya kila mtu mwenye lugha mbili kichwani: alichukua neno ambalo kamusi imemwambia ni "marehemu", akalitumia kama marehemu linavyotumika. Wala si yeye peke yake. Kiingereza kinachozungumzwa mashariki na kusini mwa Afrika kimejaa sentensi hiyo. Watu wanaambiana "my mother is late" msibani, kazini, mahakamani, na wote wanaelewana. Sentensi inayoeleweka na watu wengi hivyo, kwa miaka mingi hivyo, haiwezi kuitwa kuteleza ulimi. Hiyo ni kanuni ya Kiingereza cha huku, na imekaa pale pale ambapo Kiingereza cha Uingereza kina kanuni nyingine.

Kanuni ya Uingereza ni hii. "Late" yenye maana ya kifo hukaa mbele ya nomino tu, tena nyuma ya "the" au "my" au "her": "the late chairman", "her late husband". Ukiihamishia baada ya kitenzi, kifo kinatoka na saa inaingia. "My late husband" ni mume aliyefariki. "My husband is late" ni mume ambaye chakula chake kinapoa. Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni kiti tu. Anayecheka akumbuke kwamba si neno hili peke yake lenye tabia hiyo. Chukua "present". "The present chairman" ni mwenyekiti wa sasa, hata kama leo yuko safarini. "The chairman is present" ni kwamba mwenyekiti yupo ukumbini. Hakuna mtoto anayeweza kubuni jambo hilo kwa akili yake. Ni lazima aambiwe. Nawauliza walimu wenzangu wa lugha, maana na mimi nimewahi kufundisha: ni nani kati yetu aliyewahi kusimama ubaoni akasema kwamba "late" hubadilika maana kwa mahali linapokaa? Tuliandika "late = kuchelewa", tukapiga mstari, tukaenda neno lililofuata.

Tena hata hiyo alama ya usawa haikustahili kuwekwa pale. Ukifuata historia ya neno lenyewe utaona kuchelewa ni kituo kimoja tu njiani. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa "læt", nalo lilimaanisha mzito wa mwendo, goigoi. Ndugu zake bado wapo kaskazini mwa Ulaya na wamebaki na damu hiyo: kwa Kiswidi na Kinorwe "lat" ni mvivu. Lina ukoo hata na neno la Kilatini "lassus", yaani aliyechoka. Basi mwanzoni hapakuwa na saa wala ratiba, palikuwa na mtu anayejikokota. Anayejikokota hufika nyuma ya wenzake, na hapo ndipo kuchelewa kulipozaliwa. Kinachokuja nyuma kiko upande wa mwisho, ndiyo maana "late afternoon" ni jioni inapokaribia na "the late 1990s" ni mwishoni mwa miaka ya 1990, bila mtu yeyote kuchelewa popote. Na kilicho upande wa mwisho wa muda uliopita ndicho kilicho karibu nasi, ndiyo maana "of late" na "lately" ni siku hizi za karibuni.

Ni hapo, kwenye ukaribu huo, ndipo marehemu wa Kiingereza alipotokea. "The late king" hakuwa mfalme aliyechelewa. Alikuwa yule aliyekuwa mfalme hadi juzijuzi. Zamani neno hilo lilitumika hata kwa mtu aliye hai ambaye ameacha cheo karibuni, na msomaji wa maandishi ya kale asipoangalia atamzika waziri aliyestaafu tu. Polepole likaelemea upande wa kifo, lakini ule ukaribu haujaondoka. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na hakuna anayemwita "the late Shakespeare". Amekwenda mbali mno. "Late" ni kwa wale ambao viti vyao bado tunavitazama, ambao mtu aliye hai bado anaweza kusema nilimfahamu.

Nilipomweleza mpwa wangu hayo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo wanamaanisha aliyekuwapo hadi juzi." Ndiyo, mwanangu. Hicho ndicho neno linachosema. Marehemu wetu, lililotoka kwenye rehema, linamwangalia aliyekufa na kumwombea. Hayati, ambalo asili yake ni uhai, linakataa kumwacha aende. "Late" linahesabu tu jinsi alivyoondoka karibuni. Ni neno la upole, na inaniuma kuliona linageuzwa fimbo ya kumchapia binti aliyefiwa.

Nakubali, na sikubali kwa furaha, kwamba mtu anayekwenda kuhojiwa na watu wa mbali atasalimika zaidi akisema "my father died" au "my father passed away". Nimemwambia hivyo. Lakini hiyo ni tahadhari ya msafiri, kama kujua barabara za mji usio wako. Haimaanishi kwamba barabara za kwao zilijengwa kimakosa. Na yule mhojaji naye, ambaye kazi yake ni kuzungumza na vijana wa nchi nyingi, alikuwa na wajibu wa kujua kwamba Kiingereza kina wenyewe wengi.

Sasa niseme la kuchelewa lenyewe, maana hapa ndipo ninapowahurumia zaidi wanaodhani Kiswahili ni lugha ya kutafsiria tu.

Kuchelewa limezaliwa na kucha, kucha kwa alfajiri, kule kwa "kumekucha" na "usiku kucha". (Si ndugu wa "nachelea kusema", lile ni la hofu, la kumcha Mungu.) Aliyechelewa ni mtu aliyekuchewa, yaani mapambazuko yalimkuta bado hajaamka au hajaondoka, mwanga ukamtangulia. Ukilisikiliza neno lenyewe utakuta limo katika hali ya kutendewa: kuna kitu kimemfika mtu. Na wazee walikuwa na mwenzake wa upande wa pili, kuchwelewa, kutoka kuchwa kwa jua: kuingiliwa na usiku kabla hujafika. Mchana wa Waswahili una malango mawili, na kila lango lina neno la mtu aliyefungiwa nje. Hata saa zetu tunazihesabu kuanzia lango hilohilo la asubuhi. Saa moja ni saa ya kwanza baada ya kupambazuka. Lugha iliyopima siku nzima kwa kucha na kuchwa haina haja ya kuambiwa kwamba haijui wakati.

Kwa hiyo Mwingereza wa kale alimwona aliyechelewa kama mtu mzito wa miguu. Kilatini nacho kilimwona hivyohivyo, maana "tardus" ni mwendo wa pole, na ndimo lilimotoka "tardy", neno ambalo shule za Marekani humwandikia mwanafunzi aliyeingia baada ya kengele. Mswahili alimwona kama mtu aliyetanguliwa na jua. Na mwendo wa pole tunao pia, lakini tumeupa neno lake, kukawia. Aliyekawia ametumia muda mrefu, aliyechelewa amepitwa na muda uliowekwa. Unaweza kukawia njiani na bado ufike mapema. Ndiyo maana wahenga walisema "kawia ufike" na hawakusema "chelewa ufike", na walipotaka kuonya kwa ukali wakasema "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Ukizipitisha methali hizo mbili kwenye "late" moja, unapoteza yote waliyokusudia.

Lipo lakini neno moja la Kiingereza lililonifanya nisimame nilipolikuta asili yake, nalo ni "belated". Leo limebaki la kutakiana heri iliyopitwa na siku yake, hasa siku ya kuzaliwa. Lakini katika karne ya 17 "belated" alikuwa msafiri aliyeingiliwa na giza njiani. Sentensi nzima ya kuchwelewa, ndani ya neno moja la Kiingereza! Watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwenye kona yake ya dunia, walitazama jua likizama huku bado wanatembea, wakalipa jambo hilo neno. Nilipokuwa kijana nilifundishwa kwamba "belated" ni "late" yenye suti. Laiti ningeambiwa habari ya msafiri, nisingelisahau hata siku moja.

Tofauti ya "late" na "delayed" wengi wanaijua kwa hisia ingawa hawaielezi. Ndege "is delayed", abiria "is late". Kwa ndege kuna kitu kimeizuia, ukungu au fundi. Kwa abiria macho yote yanamgeukia yeye. Tunao uwezo huo: nimechelewa, nimecheleweshwa. Silabi moja tu inahamisha lawama, na bado naona taarifa zinaandikwa "tulichelewa" pale ambapo mtu alicheleweshwa kwa makusudi.

"Overdue" lina deni tumboni. "Due" ni kinachodaiwa, na ndiyo maana linashika kitabu cha maktaba, ankara, mimba iliyopita siku zake, hata msamaha ambao ulipaswa kuombwa zamani. Tafsiri yake ibebe deni hilo.

Kosa linalonikera kuliko yote katika tafsiri ninazohariri ni "latest" kugeuzwa kuwa "wa mwisho". Mwandishi yu hai, anaandika, ametoa kitabu mwaka huu, na kwenye jalada tunasoma "katika kitabu chake cha mwisho". Umemzika. "Latest" ni cha karibuni zaidi, kipya kabisa. Cha mwisho ni "last". Maneno haya mawili yote ni watoto wa "late", na yanachanganya kwa sababu moja ya ukoo. Zamani "late" ilipolinganishwa ilitoa "latter" na "last". Baadaye watu wakasahau udugu huo, wakaanza upya kwa kuongeza viambishi vya kawaida, wakapata "later" na "latest". Kwa hiyo neno moja lina watoto wa nyumba mbili. Nyumba kubwa ilikwenda na mpangilio: "latter" ni wa pili kati ya wawili, "last" ni wa mwisho wa wote. Nyumba ndogo ikabaki na wakati: baadaye, cha karibuni. Lile kanisa lenye "Latter-day" katika jina lake linajiita kwa Kiswahili Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na waliotafsiri walifanya sawasawa, waliona ni wa nyumba kubwa.

Hata hivyo "last" nalo lina mtego wake, kwani "last night" haikuwa usiku wa mwisho wa mtu yeyote, ni jana usiku. Na "to last", kudumu, si wa ukoo huu kabisa. Limetoka kwenye kufuata nyayo. Yanafanana sura tu.

Kuna na hili la usiku. "It's getting late" nimeliona limeandikwa "inakuwa kuchelewa", na programu moja ya kutafsiri iliwahi kunipa "asubuhi ya marehemu" kwa "late morning", na ilikuwa katika maelezo ya dawa, mgonjwa aambiwe ameze lini. Nililifuta kwa hasira kwelikweli. Mwandishi alitaka kusema saa tano hivi, kabla ya adhuhuri. Mswahili usiku ukienda husema usiku umekwenda, au kumekuwa usiku, au twendeni giza linaingia. Kiswahili kilishaugawa usiku vipande vipande, magharibi, usiku wa manane, majogoo, alfajiri, wakati Kiingereza saa nane za usiku kinasema "late" kwa ambaye hajalala na "early" kwa ambaye ameshaamka. Mtafsiri hana budi kuuliza: huyu mtu amelala au bado? Asipouliza ataandika lolote.

Kwenye mikataba, "not later than 30 June" inazaa "sio baadaye kuliko tarehe 30 Juni", sentensi ambayo hakuna mama aliyewahi kumwambia mwanawe. Andika "kabla ya kupita tarehe 30 Juni" na mtu ataelewa kwamba siku yenyewe ya tarehe 30 bado ni yake.

Jana usiku mpwa wangu alipokea barua pepe kutoka kwa wale waliomhoji. Kumbe walikuwa wamemwandikia siku nne nyuma, ikaangukia kwenye folda ya taka. Walimwomba aya moja zaidi kuhusu malezi yake. Akakaa kwenye meza ileile, akaandika, akaniita nisome. Sentensi ya kwanza ilikuwa inaomba radhi kwa "my lately reply". Nikamwambia "late", lile la siku hizi za karibuni halihusiki hapa. Akarekebisha. Mistari miwili chini alikuwa ameandika "my late father taught me to read before I started school".

Akaitazama skrini. "Mjomba, yamekaa karibu mno. Hawatachanganyikiwa tena? Nibadilishe moja?"

Nikalisoma tena lote kwa sauti. La kwanza lilikuwa jibu lililopitwa na siku zake. La pili alikuwa shemeji yangu na kidole chake kinene kikipita chini ya herufi, akimngoja mtoto atamke.

"Yaache yote mawili," nikamwambia. Akaituma saa tano na robo.